Jinsi ya kuchora kikosi cha mashujaa wa nchi nyingi bila kushika stensili

Mimi ni mchora mabango hapa Arusha. Kibanda changu kiko Ngarenaro, na kwa miaka 19 nimeandika majina ya saluni, bucha na maduka ya spea, pamoja na maneno ya nyuma ya vifodi, daladala zetu za hapa. Jumamosi mchana vijana huja na madaftari yao, tunasogeza makopo ya rangi pembeni, tunachora katuni. Wananiita Anti. Swali wanaloniletea mara nyingi kuliko yote ni hili: nataka kikosi cha mashujaa wenye nguvu za ajabu, kila mmoja na nchi yake, nianzie wapi?

Anza kwa kuijua stensili, ili uitambue ikiwa mkononi mwako. Kwa asiyeijua kazi yetu: unachukua plastiki ya eksirei ya zamani, unakata herufi kwa wembe, unaibana ukutani, unapuliza rangi. NYUMBA HII HAIUZWI. Sekunde chache tu, na unaweza kurudia kwenye nyumba 100 bila kuangalia hata moja ina madirisha mangapi. Kwa ukuta haina ubaya, inaokoa muda. Wasomi wana neno lao, dhana potofu, lakini neno hilo halinionyeshi kitu. Stensili ninaiona: ilikatwa kabla hujafika, na haijali ukuta ni wa nani.

Mwaka 2024, Somalia ilipokamilisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki na wanachama wakawa 8, ofisi moja hapa mjini ilinipa kazi ya bango. Mashujaa 8, nchi 8, bendera kifuani, wiki tatu. Nilifurahi sana. Nikamaliza rafu, yaani michoro ya awali, kwa siku nne, na wepesi ule ulitakiwa kunishtua. Mkenya alikuwa mkimbiaji. Mkongo alivaa suti ya rangi ya chungwa, gitaa mgongoni. Msudani Kusini nilimrefusha mpaka kichwa kikagusa ukingo wa karatasi. Mganda alibeba mkungu wa matoke, Mnyarwanda alirusha ndege isiyo na rubani, Mrundi alikuwa msichana mpiga ngoma. Msomali nilimchora nahodha wa jahazi. Ofisi ikamrudisha: mfanye mharamia aliyetubu, watu watamtambua haraka. Nikamfanya, nikalipwa nusu ya pesa, nusu nyingine mpaka leo. Pesa nimeisamehe. Yule mharamia ndiye bado ananiuma.

Jumamosi ile niliwabandika wote ukutani. Chalii mmoja wa darasa la sita akasimama mbele yao muda mrefu, mikono nyuma, kisha akauliza: "Anti, mbona wa kwetu hana nchi?"

Nikatazama. Mtanzania wangu alikuwa dada mwenye koti la kawaida, mwepesi wa hasira, anayemkumbuka kaka yake aliyekufa maji, na yeye ndiye aliyeongoza kikosi. Sikumpa mkuki wala twiga. Nilimpa maisha. Wale saba niliwapa nchi zao, basi. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachowapa vijana sasa: mwenyeji akikosa nchi, na mgeni akikosa kingine chochote isipokuwa nchi, umeshika stensili.

Ugonjwa huu ni wa zamani na una wakubwa wake. Katika jarida la katuni la Marekani, Detective Comics namba 215, mwaka 1955, Batman anakutana na wenzake waliomwiga katika nchi nyingine. Mfaransa anaitwa Musketeer, ana upanga na kofia ya karne ya 17. Mwitalia, Legionary, amevaa kama askari wa Roma ya kale. Mwingereza Knight yumo ndani ya vazi la chuma, na kijana wake Squire yuko pembeni. Batman mwenyewe, Mmarekani, amevaa popo. Hakuna aliyemvika kofia ya mchunga ng'ombe. Miaka ikapita, na kampuni hiyohiyo, DC, ikawa na kikosi kilichopewa jina la Global Guardians mwaka 1982. Denmark ilitoa Little Mermaid, nguva wa hadithi ya Hans Christian Andersen. Japani ilitoa Rising Sun. Afrika Kusini ilitoa Impala, Mzulu mwenye mbio za swala. Ukiwapanga mstari mmoja unaona rafu ya kadi za posta uwanja wa ndege.

Ila mimi huwakalisha vijana zaidi kwenye X-Men, kikosi cha kampuni ya Marvel, kwa sababu pale unaiona stensili na dawa yake ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1975, katika Giant-Size X-Men namba 1, mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walileta kikosi kipya cha kimataifa. Colossus ametoka shamba la pamoja huko Siberia. Banshee wa Ireland anapiga ukelele kama pepo wa hadithi za kwao. Thunderbird, Mmarekani wa asili wa kabila la Apache, alipewa hasira tupu, na mwaka haukuisha wakawa wamemuua, katika namba 95. Na yupo Storm, jina lake Ororo, ambaye tunamkuta Kenya akiabudiwa kwa sababu ya mvua. Mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya aitwaye N'Dare. Baadaye tunaambiwa alitembea kwa miguu kutoka Kairo mpaka uwanda wa Serengeti, na kutoka hapo hadithi inaendelea kana kwamba yuko Kenya. Sisi ambao kila asubuhi magari ya watalii wa Serengeti yanatupita Barabara ya Sokoine, tukifika hapo tunafunga kitabu kwanza.

Tukikifungua tena tunakutana na Chris Claremont, aliyepokea kuandika X-Men mwaka huohuo 1975 akaendelea mpaka 1991. Katika namba 102, mwaka 1976, alieleza kwa nini Storm anaogopa mahali pembamba. Akiwa mtoto Kairo, ndege ilianguka kwenye nyumba yao, akafukiwa na kifusi pamoja na mwili wa mama yake. Basi yule anayeamrisha radi, ukimfungia chumba kidogo, anaanguka na kulia. Tazama hofu ile. Haitoki Kenya wala Misri. Haiko kwenye bendera yoyote. Ni ya Ororo peke yake, na ndiyo iliyomtoa kwenye kadi ya posta. Mwaka 1980 alikabidhiwa uongozi wa kikosi, na mwaka 1986, katika namba 201, akiwa amepoteza nguvu zake zote, alimshinda Cyclops, kiongozi wa kabla yake, walipogombea uongozi huo. Jina la mama yake, nitakalolirudia chini, halijawahi kurekebishwa, lakini ukimsoma unajua uko na mtu.

Sasa chukua penseli.

Kabla hujachora chochote, andika neno la kwanza linalokujia kwa kila nchi. Usijisafishe. Mkenya: mbio, pesa, Kiingereza. Mganda: matoke. Andika na la kwetu: amani, upole, Mlima Kilimanjaro. Hiyo ndiyo stensili yako, na kila mtu anayo. Ibandike juu ya meza. Sikwambii maneno hayo yamepigwa marufuku. Nakwambia hayaruhusiwi kuingia kwanza.

Kisha wachore wote wakiwa wamevaa fulana nyeupe na suruali nyeusi. Hakuna joho, barakoa, rangi wala bendera. Lipe zoezi hili mchana mzima, maana ndilo linalouma kuliko yote. Katika wale 8 wangu, nilipowavua, saba walikuwa na mwili mmoja: kifua mbele, ngumi kiunoni. Nilikuwa nimechora nguo saba zilizotundikwa. Endelea mpaka mtu aweze kuwatofautisha kwa namna wanavyosimama. Nani anaegemea ukuta? Nani hawezi kukaa bila kushika kitu? Nani ameweka uzito mguu mmoja kwa sababu ule mwingine uliwahi kuvunjika?

Mikono haitoki hewani, inatoka kwenye kazi. Kwa hiyo mpe kila mmoja kazi kabla ya kumpa nguvu za ajabu. Nikupe mfano. Wageni wakimchora Mtanzania wa huku kwetu, wanachora Mmasai amesimama mguu mmoja, mkuki mkononi, jua linazama. Sasa nenda mjini kwenye vibaraza vya saluni ukawatazame vijana wa Kimasai wanaosuka. Nimekaa karibu na mmoja saa nzima na daftari langu. Anagawa nywele kwa ncha ya kitana, mstari umenyooka kuliko rula yangu. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimekunjwa, kinashikilia fungu la rasta zinazosubiri. Midomo imebana kipande cha uzi. Anaongea na mteja bila kutazama vidole, na vidole havikosei. Shuka amevaa, simu imechomekwa kiunoni, sime iko nyumbani. Nilichora mkono ule mara 11. Mtanzania wangu mpya ni huyo: msusi. Nguvu yake ni kwamba chochote akikisuka hakikatiki, iwe nywele, kamba au waya wa umeme. Bado ni Mmasai, na hakuna atakayemchanganya na mwingine. Tofauti ni kwamba Umasai wake una vidole.

Usiandike nchi kwenye karatasi ya maelezo ya mhusika. Andika mahali padogo zaidi unapoweza kupata. Mkenya wa Homa Bay anaamka akiangalia ziwa, wa Garissa anaamka akiangalia ukame, na wakimbiaji wengi mashuhuri unaowajua wametoka Bonde la Ufa. Ukiandika "Kenya" unapata mbio. Ukiandika "Homa Bay" inabidi ujue samaki wanauzwa saa ngapi. Msomali wangu niliyemwonea, nilimrudia kwa njia hii. Somalia ina pwani ndefu kuliko nchi yoyote ya bara la Afrika ukiacha visiwa, na kwenye pwani hiyo, kusini mwa Mogadishu, kuna mji wa Barawa ambako wako watu wanaozungumza Chimwini, lugha ndugu ya Kiswahili. Nilipolijua hilo nilikaa kimya. Mharamia akaondoka, akaja fundi redio aliyelelewa na bibi wa Barawa. Akiwasikia Watanzania wakiongea anaelewa nusu, na ile nusu asiyoielewa anahisi wanamsema. Hapo nina ugomvi ndani ya kikosi tangu ukurasa wa kwanza, na sikumgusa adui bado.

Dawa nyingine ni fupi kuieleza na nzito kuitenda: weka wawili wa nchi moja, na wasielewane. Shujaa mmoja kutoka Uganda hana budi kuwa Uganda nzima. Wakiwa wawili, mmoja wa Gulu na mmoja wa Kampala, hakuna anayeweza kuibeba nchi peke yake, kwa hiyo wote wanapumua. Ukurasa ukikubana, punguza nchi. Afadhali nchi tatu zenye watu sita kuliko 8 zenye mabalozi 8. Anayekulipa atakataa, kama yule wangu. Mwonyeshe michoro yote miwili, ubishane naye.

Majina. Uliza mtu wa huko, usibuni kwa sikio lako. Waandishi wa Marekani wana tabia ya kumwaga ritifaa kwenye kila jina la Kiafrika: N'Dare, T'Chaka, M'Baku. Kwetu ritifaa ina kazi yake, ndiyo inayomtenganisha ng'ombe na ngoma mdomoni. Haiwekwi kama shanga. Nchi ya kubuni nayo haikuokoi. Wakanda, iliyoanza mwaka 1966 kwenye Fantastic Four namba 52, imewapa Waafrika wengi fahari, na mimi ni mmojawao. Lakini ni humohumo Wakanda ambamo M'Baku alizaliwa mwaka 1969 akiitwa Man-Ape, mtu mweusi ndani ya ngozi ya sokwe. Filamu ya Black Panther ya 2018 ilimbakizia jina lake, ikamtupia mbali lile la unyani, ikampa ucheshi na watu anaowaongoza. Huo ni urekebishaji wa kusoma kwa makini, maana sokwe hakufutwa kabisa: amebaki kama imani ya watu wake wa milimani, na yeye ndiye anayeieleza kwa mdomo wake.

Kwenye maneno ya ndani ya viputo vya maongezi wengi wanaanguka bila kujua. Nightcrawler, Mjerumani wa X-Men, anaongea Kiingereza kigumu bila kukwama, halafu akishtuka anasema "Mein Gott". Colossus naye hivyohivyo kwa Kirusi. Katika maisha mambo huenda kinyume. Mtu anayeongea lugha ya kujifunza, "Mungu wangu" anaijua tangu wiki ya kwanza. Kinachompotea ni neno la kitu kidogo kama bawaba au kichujio. Kwa hiyo mhusika wako akwame pale mtu anapokwama kweli. Na usimwandikie Mmasai "ero" kila sentensi wala kuvuruga herufi za Mkongo ili watu wacheke. Mtu wa Lubumbashi anaposema "bintu" hajakosea kusema "vitu", hicho ndicho Kiswahili cha kwao, kina kanuni zake. Msikilize mpaka uweze kuandika sentensi nzima kama anavyoisema yeye, au mwandikie Kiswahili cha kawaida na mlio wake uuweke kwenye mpangilio wa mawazo. Nusu ya njia ndiyo kejeli.

Bendera je? Vijana wanazipenda, na siwakatazi. Captain America alianza mwaka 1941 akiwa amevikwa bendera mwili mzima, na jalada la kwanza linamwonyesha akimpiga Hitler ngumi wakati Marekani yenyewe haijaingia vitani. Halafu mwaka 1974, baada ya kugundua uoza ndani ya serikali yake, aliivua ile nguo, akajiita Nomad. Uliza hilo kwa kila shujaa unayetaka kumbandika bendera kifuani: ni siku gani ataona aibu kuivaa? Kama huna jibu, bendera yako ni kifungo cha shati.

Hatua ya mwisho kabla ya wino ni kuketi na mtu. Arusha hatuna kisingizio. Makao makuu ya Jumuiya yako hapa, mpaka wa Kenya pale Namanga hauko mbali, na kwenye mtaa mmoja unaweza kukuta duka la Msomali, saluni ya Wakongo na mpangaji Mkenya. Nenda na penseli, si na mchoro uliokwisha, kwa sababu mtu akiona wino atakusifu tu kwa adabu. Na usimuulize "Ni sawa?" Muulize "Hapa nimekosea wapi?" Muda wake una thamani: nunua chai, na kama anakusaidia siku mbili, mlipe.

Jirani yangu wa kibanda cha tatu ni mama wa Kirundi, fundi cherehani. Nilimpelekea yule msichana wa ngoma. Alimtazama, akaweka mkasi chini.

"Dada, huyu umemwona wapi?"

Nikamwambia nimebuni.

"Kwetu mwanamke hapigi ngoma hii."

Akanieleza taratibu, mguu ukiwa bado kwenye pedeli. Ngoma za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, ni za wanaume, na mwaka 2017 amri ya rais iliandika wazi kwamba wanawake wasizipige. Zinachongwa kwenye mti uitwao umuvugangoma. Nilikuwa nimemchora msichana akitenda jambo zito kuliko yote katika maisha yake, nikamwekea tabasamu la bango la utalii.

Nilitaka kumfuta. Yule mama akanizuia. Alisema ngoma ibaki, ila msichana ajue anachokifanya. Basi nikaanza upya: binti wa Gitega, fundi wa kuchonga mti, anayejua kutengeneza ngoma ambayo haruhusiwi kuipiga. Usiku mmoja anaichukua na kuondoka nayo. Nilipomrudishia mama rafu ya pili, binti alikuwa ameipakata ngoma ubavuni, amejipinda kwa uzito.

Mama akachukua penseli yangu bila kuomba, akachora duara juu ya kichwa cha binti.

"Ngoma inaingia uwanjani kichwani. Na shingo ya huyu imebeba ndoo ya maji tangu ana miaka sita. Kwa nini ajipinde?"

Nikafuta mgongo, nikafuta mabega, nikaanza na shingo. Ilinichukua mpaka taa za barabarani zikawaka.